Goti la Kwenye Gemu

"Uhalisia gani huo?" Hanifa alifoka. "Mchezaji wako kapigwa gotini, kagaagaa kidogo, sasa anakimbia kama swala!"

"Lakini tazama jasho lake, Mama Tausi. Hata nyasi zinaruka," mumewe alimbembeleza, akimpa rimoti ya gemu. "Wewe chezea humu. Humu huumii."

Hanifa akafunga bao, na moyo wake haukushtuka hata kidogo. Goti lake, lililoumia uwanjani, lilikuwa limepona, daktari alikwishasema. Woga ndio uliomgandisha kwenye kochi. Nje, timu yake ilikuwa ikipigiana kelele uwanjani.

Aliitupa rimoti, akavaa njumu, akavuka barabara.

"Nipeni!"

Mpira ulipigwa juu. Hanifa akaukimbilia, na beki mmoja mnene naye akaukimbilia. Hanifa hakupunguza mwendo.