Nani Atakaa Kiriti

Walikuwapo Mzee Gitau, mwenyekiti. Miriam, binti yake, katibu. Kinuthia, mpwa wa mzee. Na Maxwell, aliyeomba kusikilizwa.

Walikutana katika ukumbi wa kukodi huko Toongabbie, kitongoji cha Sydney, Australia, viti vikiwa vimetenganishwa na barakoa usoni, kama sheria za Korona zilivyotaka. Maxwell alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kukasirika.

Shauri lilikuwa moja. Mkataba wa miaka tisini na tisa, alioutia sahihi gavana wa kikoloni juu ya shamba la chai la Kiriti, ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Serikali ya kaunti ilikuwa imeamua kwamba ardhi itarudi mikononi mwa ukoo wa Mzee Gitau, na ukoo ndio utakaosema nani akae humo. Kwa kuwa mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa na hakuna aliyeweza kusafiri, wazee wa nyumbani Kenya walimpa Mzee Gitau mamlaka ya kuamua akiwa hukuhuku Sydney.

Maxwell alitaka nyumba ya mawe na bonde lililo chini yake. Humo ndimo alimozaliwa, na nyuma yake ndiko alikozikwa babu yake. Alikuwa amekwisha kuyasema hayo kwa simu mara nyingi. Sasa aliyasema tena.

"Mtu hang'olewi kwao kwa tarehe iliyoandikwa na karani wa kikoloni," alisema. "Karatasi ile mimi siitambui."

Kinuthia alicheka puani. "Ilipokuwa hai uliitambua vizuri, ndugu yangu."

Maxwell alihisi damu ikimpanda kichwani. Huyu Kinuthia, aliyezaliwa Nairobi na ambaye hajachuma hata jani moja la chai, ndiye leo ampangie yeye pa kuishi? Alimkumbusha kwamba ni babu yake aliyeufyeka msitu ule na kuotesha miche ya kwanza. Kinuthia akamuuliza, kwa upole wa kuudhi, kama babu huyo alilishika panga yeye mwenyewe. Miriam aliwasihi wasemezane kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa yakicheka.

"Mzee," Maxwell alimgeukia mwenyekiti, "wewe ndiwe uliyenifundisha kuendesha baiskeli katika ua ule. Waambie hawa mimi ni wa wapi."

Mzee Gitau alimpenda Maxwell tangu utoto wake, na Maxwell alilijua hilo. Ndilo tumaini pekee lililomleta ukumbini. Lakini mzee aliposimama na kuishusha barakoa ili asikike, midomo yake ilikuwa imekaza, na Maxwell akatambua kwamba hakuwa peke yake mwenye hasira.

"Uamuzi ni huu," mzee aliwatangazia. "Maxwell atakaa Kiriti kama muhoi, yaani mtu aliyeomba mahali pa kulima akapewa, bila kumiliki. Atapanda viazi na maharagwe. Hatapanda mti, wala hatazika mtu. Ndivyo babu zetu walivyomkubalia babu yake, alipokuja kutoka Uingereza akiomba mahali pa kupiga hema, kabla hajatuletea gavana wake."