Hana Mtu

Mzee Kitojo aliingia ofisini akiegemea bega la binti yake, Sikudhani, maana kiharusi kilikuwa kimemwacha na mguu wa kuburuta. Walifuata kadi ya matibabu ya bure kwa wazee wasiojiweza.

Karani aliuliza jina, umri na ugonjwa. Kisha akauliza, “Ana mtoto wa kumtunza?”

Mzee alitabasamu, akafungua kinywa, lakini Sikudhani akamtangulia. “Hana mtu huyu. Mimi ni jirani tu, nimemwonea huruma.”

Karani akaandika, akamsogezea wino. Mzee alimgeukia binti yake, naye akaangalia sakafu.

“Weka dole gumba, mzee,” Sikudhani alisema. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita hivyo.

Mzee alijua kwamba bila kadi hakuna dawa. Akaweka dole.

Walipofika mlangoni Sikudhani alinong’ona, “Nisamehe, baba. Wangetunyima.”

Mzee aliliachia bega la binti yake, akashika ukuta, akaanza kushuka ngazi peke yake. Sikudhani alibaki juu na kadi mkononi, asijue amfuate au amwache.