Kaa Aliyeonja Tope Mara Kumi na Mbili

Enzi hizo hata tope lilikuwa na msomi wake, naye ni Kaa, mwanafunzi wa Korongo. Siku moja Mama Kamba alimjia amebeba miche ya mikoko.

"Mwanangu, samaki wananimalizia watoto. Nataka wapate mizizi ya kujifichia. Tope hili lafaa?"

Kaa akalionja, likamchoma mdomo. Akamkimbilia mwalimu wake. "Mwalimu, lile tope litaua miche. Nimwambie?"

Korongo hakuwa na haraka hata siku moja. "Umeonja mara moja tu? Msomi hasemi kabla ya mara kumi na mbili, moja kila maji ya bamvua, bahari ijaapo kupita kawaida."

Basi Kaa akarudi, akamwambia mama wa watu, "Subiri kwanza, mama."

Angesubirije, na samaki hawasubiri? Akapanda.

Bamvua la kumi na mbili lilimkuta Kaa na majibu yake kamili, mikoko imekauka kama kuni, na Mama Kamba hana mtoto hata mmoja.

"Nimethibitisha, mama. Tope lina sumu."

"Na ile mara ya kwanza, lilikuwa na ladha gani?"

"Ladha hiihii, mama."

Mama Kamba akamkazia macho. Tangu hapo Kaa hutembea upande upande, asije akakutana naye uso kwa uso.