Nusu ya Kichwa

Utaratibu wa kambi ile ulijulikana na kila mtu mjini: kijana akishanyolewa ni wa jeshi, na lango halifunguliwi tena kwa ajili yake. Hemedi alikaa kwenye kigoda, mashine ya kunyolea ya sajenti ikinguruma sikioni. Nje ya uzio alisimama Kombo, mpenzi wake, ambaye mtaani wote waliambiwa ni binamu. Alikuwa amemshikia viatu.

Miaka yote Kombo ndiye aliyemnyoa, Jumapili asubuhi, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Basi kiganja cha sajenti kilipomshika utosini, Hemedi alifumba macho bila kuwaza, akaegemeza kichwa kwenye tumbo la mtu yule kama alivyozoea.

Mashine ikazimwa.

Hemedi alifumbua macho, akakaa wima.

"Nyumbani unanyolewa na nani?" sajenti aliuliza.

"Dada yangu, afande."

Sajenti alitazama uzio, akamwona Kombo, akaviona vile viatu alivyovikumbatia kifuani. Kisha akamwinamia Hemedi, akanong'ona, "Humu ndani kaza shingo, kijana. Wenzangu hawatakuuliza kwanza."

Hemedi hakujua kama ameonywa au ametishwa. Alijipapasa kichwani: upande mmoja kipara, upande wa pili nywele zake bado zipo. Lango lilikuwa bado wazi.

Nyuma yake mashine ikawashwa tena. Ilinguruma hewani karibu na kisogo chake, haijamgusa, na sajenti akawa anangoja.