Kichwa cha Bi Tunu

Wivu ndio uliomvusha barabara msusi Mwanakheri, chanuo bado mkononi. Bi Tunu, mteja wake wa tangu ujana, alikuwa ameketi kwenye saluni mpya ya Saumu, akipitishiwa kichwani kijikamera chembamba kama kalamu.

"Bi Tunu, umekosa nini kwangu?" Mwanakheri aliuliza mlangoni.

"Ingia, mwanangu, uone maajabu," Bi Tunu alijibu bila hata chembe ya aibu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kwenye skrini ukutani, ngozi ya kichwa cha Bi Tunu ilikuwa imetanda kama uwanja. Mwanakheri alisifika mji mzima kwa kukaza msuko mpaka mteja atokwe machozi. Sasa pale juu ya paji, alipopavuta miaka yote pakabaki kipara, vinywele vyembamba vilikuwa vinachomoza.

"Zinaota," Saumu alisema. "Zilichoka kuvutwa tu."

Bi Tunu aligusa skrini kwa ncha ya kidole, kama anayegusa shavu la kichanga. Hakuna msuko wa Mwanakheri aliowahi kuugusa hivyo.

"Mashine ya kitapeli hiyo," Mwanakheri alisema.

 Saumu alipangusa kiti cha pembeni. "Kaa, dada, nikutazame na wewe."

Mkono wa Mwanakheri ulipanda mpaka kwenye fundo la kilemba, ambacho siku hizi hakukivua mbele ya mtu, ukabaki hapo. Kijikamera kilielekea mkono mwingine wa Saumu, na kwenye skrini kilionekana kiganja chake tu, kikubwa, kimekunjuka, kikisubiri kilemba.