Samaki Asiyenyooka

Mwongeli alipopitisha kisu ubavuni mwa samaki, kilikwama kwenye mfupa mahali ambapo kwa miaka tisa alikuta nyama tu.

Samaki hujikunja akiingia kwenye mafuta. Hilo kila mkaangaji wa Mlolongo analijua. Lakini huyu alikuwa bado mbichi. Alimlaza ubaoni, akamkandamiza kwa viganja viwili. Alipomwachilia, mgongo ulirudi kuwa upinde.

“Ni barafu imemkunja,” akasema dereva wa lori aliyewaleta samaki hao kutoka Mombasa. Alikuwa ameketi mezani akingoja chakula.

“Barafu imeyeyuka kitambo.” Akamgeuza wa pili, kisha wa tatu. Wote walipinda upande uleule. “Siku hizi wanavuliwa wapi?”

“Palepale.”

“Palepale uliponiambia kiwanda kinamwaga maji yake?”

“Mama, mimi kazi yangu ni kubeba tu.”

Mwongeli akanawa mikono polepole. Miaka yote hiyo dereva huyu hakuwahi kugusa muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wala ndengu zake. Alikula samaki, kichwa mpaka mkia.

“Haya, nikukaangie yupi?”

Dereva akageuka kutazama lori lake.

“Leo niwekee muthokoi.”