Anayetoa Hukaa Mbele

Mama Mwai aliweka kadi ya mwisho mezani, akaisawazisha kwa kidole, kisha akarudisha mikono mapajani.

Kabura gave Mathenge the goat.

"Nilisema Mathenge amempa Kabura mbuzi," Mwalimu Theuri alimwambia polepole. "Wewe umefanya Kabura ndiye ametoa."

"Si maneno ni yale yale?"

"Ni yale yale. Lakini Kizungu kinaangalia nani amekaa wapi. Mwenye kutoa anakaa mbele, mwenye kupewa anakaa nyuma. Ukibadilisha viti, umebadilisha mambo."

Akazibadilisha kadi mbili kwa vidole viwili, bila hata kuvaa miwani.

Katika wiki tatu, hii ilikuwa mara ya sita Mama Mwai kukosea mahali hapo hapo. Sentensi nyingine alizipanga bila shida. Hii moja iligoma, na kila ilipogoma aliinua macho akamtazama mwalimu, si kadi.

Darasa lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Tulsidas, mjini Nyeri. Wengine wote waliosoma hapo walikuwa vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya kwenda ng'ambo. Siku ya kwanza mmoja wao alimuuliza bibi huyu, "Shosho, na wewe unaenda Canada?" Akamjibu kwamba anaenda Giakanja, kijijini kwake, kwa sababu huko nako siku hizi watu wananyang'anyana mashamba kwa Kizungu. Vijana walicheka. Yeye hakucheka.

Shamba lenyewe lilikuwa ekari moja na nusu ya majani chai, mali ya ndugu wawili, mumewe na Ngatia. Mumewe alipofariki, Ngatia, ambaye tayari alikuwa amehamia Doldol kwenye biashara ya mbuzi, alisimama mbele ya jamaa wote akasema sehemu yake anampa mjane. Wakashuka mjini kuandikisha barua, na ili ofisi iiheshimu, ikaandikwa kwa Kiingereza na mmoja wa wale waandishi wa barua wanaokaa chini ya miavuli barabarani. Mwandishi aliambiwa maneno machache tu: Ngatia amempa Wachuka shamba. Wachuka ni jina lake Mama Mwai la kuzaliwa, ambalo mtaani hakuna aliyelitumia tena. Mama Mwai akapaka wino kwenye kidole gumba, akabonyeza.

Miaka kumi na sita ilipita. Mwaka huu Ngatia alirudi na watu wa kupima, barua ikasomwa kwa sauti. Ilisema Wachuka amempa Ngatia shamba. Lote.

Kesi ilikuwa isikilizwe kesho yake. Ngatia alikuwa ametuma wazee waseme kwamba labda mwandishi hakukijua Kiingereza vizuri, majina yakapishana, hakuna mwizi hapo. Basi wagawane katikati na kesi iishe. Mwai alitaka mama yake akubali. Mkewe, Shiro, alisema nusu si haba, na kwamba bibi wa miaka sitini na saba hana haja ya kuzeekea kortini. Hata mchungaji alipita kuwaombea amani.

Mama Mwai aliwasikiliza wote, akawapa chai. Kisha akasema kwamba kwa miaka kumi na sita ameongea kwa kidole gumba, na hatajibu neno lolote mpaka kwanza asome Kizungu.

Sasa alizikusanya kadi, akazigongagonga mezani zikae sawa.

"Mwalimu, na mtu akiwa na haraka? Watu wamepanga foleni, jua linawaka. Hawezi kukosea hapo?"

Theuri alitabasamu. Hakuwa amepita darasa la saba. Kiingereza alijifunzia kwenye magazeti ya kufungia nyama, sentensi moja kwa siku, na hilo hakulionea aibu hata kidogo.

"Mengine naweza kukosea, Mama Mwai. Hili hapana. Hili ndilo nililijua kwanza, hata sijaanza kunyoa ndevu. Niamshe na homa, nitakwambia nani ametoa na nani amepewa."

"Hata zamani?"

"Hata zamani. Huwezi kukosea hapo ila kama umetaka."

Mama Mwai aliitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni. Akaomba kadi mbili tupu na kalamu ya wino mzito. Akaandika jina kwenye kila moja, herufi baada ya herufi, na vijana wa meza ya nyuma wakainua shingo kumwangalia. Akachukua kadi nyingine tatu kwenye rundo, akazichanganya zote tano, akazisukuma upande wa mwalimu.

"Leo nataka kukuona wewe ukipanga," alisema. "Mimi nasema, wewe unaweka. Ngatia amempa Wachuka shamba."

Theuri aliweka Ngatia. Kando yake akaweka gave. Akaishika kadi ya tatu, ya Wachuka, akaisoma, na mkono wake ukabaki hewani juu ya meza. Kwa mara ya kwanza tangu mwanamke huyo aanze kuja, alimtazama usoni sawasawa.

Mama Mwai alikuwa ameshasimama, anafunga kitambaa cha kichwa.

"Kila mtu ananiambia siku ile uliponiandikia barua chini ya mwavuli ulikuwa hujui Kizungu," alisema. "Nilitaka kujionea mwenyewe. Hiyo usiimalize sasa, Mwalimu. Utaimalizia kesho, mbele ya hakimu."